Ditekta ya Metali Nyanda za Juu Kusini: Anza na Udongo, Ndipo Ununue Mashine

Ditekta yangu ya kwanza ililia siku nzima. Ilikuwa Matundasi, wilayani Chunya, kwenye eneo la jamaa yangu mwenye leseni ya uchimbaji mdogo. Ardhi yenyewe nyekundu, imejaa changarawe za mawe ya chuma, na mashine ilipiga kelele kila nilipoisogeza nusu hatua. Nilichimba mashimo kumi na mawili bila kutoa hata msumari, nikarudi Mbeya nikiamini nimeuziwa kitu kibovu. Wiki mbili baadaye nilikuwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nikaiwasha mashine ileile juu ya mchanga, ikatulia, na mlio wa kwanza kutoka ulikuwa wa sarafu ya shilingi 200.

Mashine haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimenunua kwanza, ndipo nikaenda kuangalia udongo. Watu wengi wa huku wanaonipigia simu kuuliza "ninunue ipi?" wamo kwenye njia hiyohiyo, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Ninamwandikia mtu wa Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa anayetaka kutafuta metali ardhini kwa kupenda tu: sarafu za zamani, pete zilizodondoka, funguo, vifaa vya kazi vilivyopotea shambani. Si mwongozo wa mchimbaji wa dhahabu, ingawa dhahabu lazima niiguse, maana huku kwetu huwezi kushika ditekta mtu asikuulize habari zake.

Hatua ya 1: Pima udongo kwa sumaku

Nenda kwa fundi redio umwombe spika iliyokufa. Bandua sumaku yake, ifunge kwenye kitambaa chepesi, kisha iburute kwenye udongo mkavu wa mahali unapotarajia kutafuta, kama hatua tano hivi. Inua, utazame kitambaa.

Kikibaki kisafi au na chembe chache, udongo wako ni mpole. Kikivaa ndevu za vumbi jeusi, hilo ni magnetaiti na jamaa zake, yaani madini ya chuma yanayoitikia sumaku, na ndiyo yatakayogombana na mashine yako.

Ukielewa ditekta inavyofanya kazi, utaelewa kwa nini. Lile duara la chini, tunaloliita koili, linatuma uga wa sumaku ardhini. Uga huo ukikuta metali, unazaa ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo inatoa uga wake mdogo unaorudi juu. Mashine inausikia, inaugeuza kuwa mlio. Tatizo ni kwamba udongo wenye chuma nao unajibu, tena kwa sauti kubwa kuliko sarafu ndogo iliyolala sentimita 15 chini.

Nimepitisha sumaku yangu sehemu nyingi za kanda hii. Rungwe na maeneo ya Tukuyu, ambako udongo umetokana na volkano, kitambaa huja kimejaa. Chunya ni hivyohivyo, na kule kuna mawe mekundu yanayolia kama metali hata ukiyaweka mkononi. Bonde la Usangu, kwenye tope la mpunga la Mbarali, sumaku hutoka karibu safi. Iringa inategemea umesimama wapi: palipo na mchanga wa kijivu uliotoka kwenye mawe ya matale, mashine hutulia, ukihamia kwenye udongo mwekundu huanza kunung'unika. Fanya kipimo hiki kwenye viwanja vitatu au vinne unavyovijua kabla hujatoa shilingi mfukoni.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mashine

Ziko familia mbili kubwa, na majina yake utayakuta yameandikwa kwenye boksi.

Ya kwanza ni VLF. Hii hutuma mawimbi mfululizo, na kwa kuangalia jinsi jibu linavyochelewa inaweza kukisia ni metali gani: chuma, aluminiamu, shaba, fedha. Uwezo huo wa kuchuja ndio unaomfaa mtu wa kujifurahisha, kwa sababu viwanja vyetu vimejaa misumari na vipande vya bati. Udhaifu wake ni udongo wenye chuma.

Ya pili ni PI. Hii hutuma mipigo mifupi ya umeme, inanyamaza, kisha inasikiliza jinsi jibu linavyofifia. Udongo mkali hauisumbui sana, na inakwenda chini zaidi. Ila haitofautishi vizuri metali na metali. Ukiipeleka kwenye uwanja wa nyumba ya zamani utachimba misumari mpaka jua lizame. Ndiyo mashine ya watafuta dhahabu wa Chunya, na bei yake hufika dola elfu kadhaa za Marekani. Kwa mwanzo usiinunue, hata kama una fedha.

Ukishaamua VLF, tazama mambo matatu.

La kwanza na kubwa kwa kanda yetu ni kama unaweza kuisawazisha mashine na ardhi, yaani kuifundisha ipuuze jibu la udongo, kwa mkono wako mwenyewe. Mashine nyingi za kuanzia huja zimesawazishwa kiwandani, huwezi kubadili. Garrett ACE 200, 300 na 400 ziko hivyo. Ni mashine nzuri, nyepesi, zinafundisha vizuri, na kama viwanja vyako ni Usangu au fukwe za Matema zitakutosha. Kwa Tukuyu sikushauri. Garrett AT Pro, au Nokta Simplex inayotengenezwa Uturuki, zinakuruhusu kusawazisha, na zote mbili huvumilia maji angalau hadi kina cha mita 3, jambo la maana kwa mtu anayekaa kwenye ukungu na manyunyu ya Rungwe. Minelab ya Australia ina Vanquish na Equinox zinazotuma masafa mengi (yaani kasi mbalimbali za mtetemo wa mawimbi) kwa pamoja, nazo huvumilia udongo mgumu kuliko zile za masafa mamoja. Uwezo wangu ungeruhusu siku ile ya kwanza, ningechukua ya namna hii.

La pili ni masafa. Yale ya chini, kama kilohezi (kHz) 5 hadi 15, yanasikia vizuri sarafu na vitu vikubwa vya shaba na fedha. Yale ya juu yanasikia vitu vidogo sana, hasa chembe za dhahabu: Minelab Gold Monster 1000 inafanya kazi kwa kHz 45, na Fisher Gold Bug 2 kwa kHz 71. Mtu wa sarafu haihitaji Gold Bug, hata kama muuzaji ataisifu kwa saa nzima.

La tatu ni ukubwa wa koili. Kubwa inakwenda chini zaidi na kufagia eneo pana, lakini inasikia udongo mwingi zaidi kwa wakati mmoja, na misumari miwili iliyokaribiana na sarafu inaifunika. Ndogo ya inchi 6 hivi inapenya kati ya takataka. Kama udongo wako ulivisha kitambaa ndevu, tafuta koili ya muundo wa DD, ambayo waya zake mbili zimepandana katikati. Inastahimili ardhi ya namna hiyo kuliko zile za duara ndani ya duara.

Sasa habari ya kina, maana hapa ndipo wanunuzi wanapodanganywa. Utaambiwa mashine inasoma mita tatu. Labda kwa pipa zima. Kwa sarafu ya ukubwa wa shilingi 200, koili ya inchi 11, udongo wa kawaida, tarajia sentimita 20 hadi 25, na kwenye udongo wa Tukuyu ushukuru ukipata 12. Uga wa koili hupungua haraka kadiri unavyoshuka, na jibu la sarafu nalo hupungua likipanda, kiasi kwamba kina kikizidi mara mbili, mlio unaorudi unabaki kama sehemu 1 kati ya 64 ya ule wa awali. Ndiyo maana mashine ya bei mara tano haikupi kina mara tano.

Kwa bei za kiwandani, VLF ya kuanzia yenye heshima iko kati ya dola 200 na 400 za Marekani. Ukiona Minelab ya maelfu inauzwa kwa bei ya ACE, ni ya kughushi. Minelab wenyewe wamekuwa wakitoa tahadhari kuhusu bandia zao zinazozunguka Afrika. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia koili ya ziada kwenye duka moja jijini, ikaja na nembo iliyochapwa vizuri, na ndani ya mwezi ikapasuka na kuingiza maji. Tangu hapo naomba namba ya utambulisho, nawaandikia watengenezaji, nasubiri jibu, ndipo nalipa.

Kuna na kitu kingine kibaya zaidi: vile vifimbo vyenye antena mbili ambavyo "vinavuta" dhahabu au rupia kutoka kilomita moja. Havifanyi kazi. Hakuna namna metali iliyozikwa inavyoweza kuvuta antena umbali huo. Mwaka 2013 mahakama jijini London ilimfunga Mwingereza James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya aina hiyo, vilivyodaiwa kunusa mabomu, na watu walikufa Iraki kwa kuviamini kwenye vizuizi vya barabarani. Anayekuletea kifimbo hicho Mbeya, akiongeza na habari za mali ya Mjerumani, ile hazina inayosemekana Wajerumani waliizika, na zebaki nyekundu, anataka fedha yako. Usimpe hata nauli.

Hatua ya 3: Vitu vingine vya kubeba

Hedifoni kwanza. Mlio wa sarafu iliyo chini sana ni mwembamba kama mbu, upepo wa Uporoto unaumeza. Halafu hedifoni inakuepusha na kundi la watoto wanaofuata sauti.

Pinpointa, kile kijiti kidogo cha kushika mkononi kinachoonyesha kitu kilipo ndani ya shimo, ndicho kitu cha pili kununua baada ya mashine yenyewe. Bila hicho utapekua donge la udongo dakika kumi ukitafuta kitu chenye rangi ya udongo.

Kwa kuchimba, kijembe cha kupalilia chenye mpini mfupi kinatosha shambani. Kwenye nyasi tumia kisu kipana cha bustani. Sururu iache nyumbani: ncha yake imeshatoboa sarafu nyingi nzuri. Ongeza kipande cha turubai cha kuwekea udongo, glavu ngumu, chupa ya maji, mfuko wenye zipu wa takataka, kikopo chenye pamba cha vitu vizuri, na betri za akiba. Asubuhi za Juni na Julai, Makete au Kawetere, betri huchoka kabla ya saa zake. Mimi huweka za akiba mfuko wa ndani wa koti zikae na joto la mwili.

Viatu visiwe na chuma puani. Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliitwa mwaka 1881 kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani kwa kifaa chake cha kutambua metali, akashindwa, na inasemekana chuma cha godoro alilolalia mgonjwa kilichangia kumchanganya. Kabla ya kulaumu ardhi, angalia ulichovaa.

Hatua ya 4: Ruhusa, na mahali ambapo hutakiwi kabisa

Hapa naomba msomaji asiruke.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuchimba kutafuta vitu hivyo bila leseni. Ukikutana nacho kwa bahati, acha kilipo, piga picha, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Mabaki ya vinu vya kufulia chuma, vipande vya vyungu vilivyochanganyika na mavi ya chuma, mikuki: huko usiingize kijembe. Kitu cha kale kikishang'olewa mahali pake, mtaalamu hana tena cha kusoma. Kalenga kwa Mkwawa, Lugalo ambako Wahehe waliwashinda Wajerumani wa Zelewski mwezi Agosti 1891, Isimila yenye zana za mawe: maeneo hayo tembelea kwa miguu na macho tu. Vivyo hivyo Kitulo na Ruaha, ni hifadhi za taifa.

Madini nayo yana sheria yake. Dhahabu iliyomo ardhini ni mali ya Watanzania chini ya udhamini wa Rais, na huruhusiwi kuitafuta bila leseni, hata kama shamba ni la baba yako. Ukitaka kuonja Chunya, nenda kwenye eneo la mwenye leseni, kwa idhini yake, na kitakachopatikana ni chake kwa makubaliano yenu. Dhahabu huuzwa kwenye soko la madini, si nyuma ya gesti. Na ukiwa kule, tembea mchana tu. Lupa, eneo la dhahabu la Chunya, imechimbwa tangu miaka ya 1920, kuna maduara ya zamani, yaani mashimo marefu ya wachimbaji, yaliyofunikwa na majani. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, yaliyoachwa kwenye mialo ya kuoshea yana zebaki, usiyapekue kwa mikono.

Makaburi, na sehemu za matambiko, hapana. Usiulize hata ruhusa.

Kwa mashamba ya kawaida, utaratibu wangu ni huu. Naanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, mashine ikiwa bado kwenye begi. Kisha kwa mwenye shamba. Iringa unasema "Kamwene", Rungwe "Ugonile", kwa mzee yeyote shikamoo, na unakaa kama umekaribishwa kiti. Unaeleza unatafuta nini, unaonyesha picha za sarafu ulizopata kwingine, unamwambia wazi: "Mzee, nikipata kitu tunakitazama pamoja kabla sijaondoka, na mashimo nitayafukia." Watu wakikuona na mashine watadhani kuna mali ya Mjerumani shambani mwao, na usiku watakuja wengine kuchimba. Mzee mmoja wa Ilembo alinikatalia kwa sababu hiyo. Nilimshukuru nikaondoka, na alikuwa na haki. Tangu siku ile, nikimaliza, mwenye shamba na majirani waliosimama nawaonyesha kila kitu kimoja kimoja mpaka vizibo vya soda, waone hakuna siri.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii ni hatari ya kweli. Mwaka 1916 Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita hukuhuku: Malangali, Lupembe na Iringa zilipiganiwa. Ukifukua kitu cha mviringo kirefu kilicholiwa na kutu, kizito kuliko ukubwa wake, simama. Usikigonge, usikiinue. Weka alama, zuia watoto, piga simu polisi.

Hatua ya 5: Darasa la nyumbani

Kabla ya kwenda popote, chimba mashimo madogo uani, umbali wa hatua moja moja. Fukia msumari wa inchi nne, kizibo cha soda, karatasi ya kung'aa ya sigara, pete ya shaba, sarafu ya 200, na senti yoyote ya zamani uliyonayo. Anza na kina cha sentimita 5, kisha 10, kisha 15. Weka vijiti, na andika kwenye daftari namba inayosomwa kwenye kioo na mlio ulivyo.

Utagundua mambo mawili yatakayokuokoa baadaye. Namba za karatasi ya sigara na za pete nyembamba ya dhahabu zinaangukia karibu sehemu moja, kwa hiyo anayechuja takataka zote za aluminiamu anachuja na pete. Pia sarafu yetu ya 500 iliyotoka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli. Iguse kwa ile sumaku ya spika uone inavyonasa. Mashine inaweza kuiita msumari.

Fanya mazoezi hayo wiki mbili, jioni jioni. Mimi nilifanya siku moja nikaona inatosha, na ndiyo sababu Matundasi palinishinda hata pale ambapo pengine pangewezekana.

Hatua ya 6: Shambani

Weka simu kwenye hali ya ndege. Kaa mbali na nyaya za umeme, na kama mko wawili, achaneni hatua ishirini, maana mashine husikiana.

Tafuta sehemu isiyo na mlio, sawazisha ardhi: inua koili kama sentimita 30, ishushe mpaka karibu iguse, inua tena, polepole kama mtu anayetwanga bila haraka, huku umebonyeza kitufe cha kusawazisha, mpaka sauti ya kushuka na ya kupanda iwe moja. Rangi ya udongo ikibadilika, rudia. Shamba moja la Rungwe linaweza kukutaka urudie mara nne.

Usikivu usiuweke juu kabisa. Ushushe mpaka mashine iache kulalamika ovyo, ubaki hapo. Mashine tulivu yenye usikivu wa wastani husoma chini zaidi kuliko inayopiga kelele, kwa sababu masikio yako yanaweza kusikia kitu.

Kisha kufagia. Kosa la kila mtu wa huku ni kufyeka. Tumezoea fyekeo, ambalo linapanda juu kila mwisho wa mkono. Koili haitakiwi kupanda. Iwe sentimita 2 au 3 juu ya ardhi kutoka kushoto hadi kulia, sekunde mbili au tatu kwa mfagio mmoja, na kila mfagio ulalie nusu ya uliotangulia. Ni polepole kiasi cha kuchosha. Anayekwenda haraka anapita juu ya sarafu.

Ukipata mlio, zunguka robo duara uupite tena kutoka upande mwingine. Sarafu hulia vilevile pande zote. Msumari hubadilika, hukatika, au husogea mahali. Mlio unaorudia namba ileile mara tatu, chimba. Mwezi wa kwanza chimba na ile yenye mashaka, hapo ndipo sikio linapofunzwa.

Wakati mzuri kwetu ni Juni, mahindi yakishavunwa na ardhi ikiwa na unyevu uliobaki. Unyevu husaidia mlio, na udongo unachimbika. Septemba ardhi ni tofali. Mashamba ya viazi mviringo ya Uporoto na Umalila nayapenda kuliko yote, kwa sababu yanalimwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kila tuta linaloinuliwa linaleta juu kitu ambacho msimu uliopita kilikuwa chini mno. Viwanja vya minada ya zamani, chini ya miti mikubwa palipokuwa pakikaliwa na akina mama wauzaji, njia za kuteremkia kisimani: watu walisimama pale, wakatoa fedha, zikadondoka.

Hatua ya 7: Kuchimba na kufukia

Kwenye nyasi, kata nusu duara upana wa kiganja na vidole, acha upande mmoja ukishikilia kama mlango, pindua donge, weka udongo uliolegea juu ya turubai. Pitisha pinpointa shimoni na kwenye turubai. Ukishatoa kitu, pitisha tena, sarafu hupenda kukaa mbili. Rudisha udongo wote, funga mlango, kanyaga, mwagia maji kidogo. Ng'ombe wa mtu akivunjika mguu kwenye shimo lako, hakuna shamba utakalokaribishwa tena kata nzima.

Misumari, vizibo na vipande vya bati usivirudishe. Ondoka navyo.

Hatua ya 8: Kusafisha na kutambua

Usisugue. Nimeona shilingi za miaka ya 1920 zimepigwa majivu na ndimu mpaka sura ya mfalme imefutika, na kitu kilichokaa ardhini karibu miaka mia kikaharibika kwa dakika tano. Loweka kwenye maji safi siku mbili tatu, badilisha maji, tumia mswaki laini sana, kausha kivulini. Udongo uliogoma uloweke kwenye mafuta ya zeituni wiki kadhaa.

Utakazokutana nazo zaidi ni za Tanzania, zilizoanza 1966: senti 5 yenye samaki na pembe kumi na mbili, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura. Chini yake zinakuja za Afrika Mashariki ya Mwingereza, zile za senti 1, 5 na 10 zenye tundu katikati. Shilingi zake mpaka 1946 zina robo ya fedha ndani, zilizofuata 1948 ni shaba na nikeli tu, na mashine itakuonyesha namba tofauti. Adimu zaidi ni heller na rupia za Wajerumani. Kipande chochote kinachoonekana cha pekee kipeleke kwanza kwa wataalamu wa makumbusho, kwa mfano Iringa Boma, wakusaidie kukitambua.

Andika daftarini: tarehe, shamba, kina, namba iliyoonyeshwa na mashine, hali ya udongo. Nilipomwonyesha bibi mmoja wa Isongole senti kumi yenye tundu niliyoitoa kwenye tuta lake, aliniambia mama yake alikuwa akizitunga kwenye uzi kiunoni akienda mnadani, na uzi ulikatika siku ya mvua. Alinionyesha na njia yenyewe. Tuliifuata pamoja, nikatoa nyingine sita. Zote ziko kwake, mimi ninazo picha na yale maelezo, nimeyaandika kama alivyoyasema.

Kuiweka mashine

Ukirudi, futa koili kwa kitambaa kibichi, vua kifuniko chake cha chini uondoe udongo ulioingia. Vumbi jeusi la Tukuyu likibaki mle ndani litakuletea milio ya uongo safari ijayo. Fimbo ikunjue, iache ikauke. Waya usiuvute ukiukunja. Novemba mvua zikianza na mashamba yakipandwa, toa betri kabisa, funga mashine mahali pakavu, na weka alama kwenye kalenda mwezi wa Mei, uende kwa wenye mashamba kuomba ruhusa mapema kabla hawajaanza kuvuna.